Jiwe la Amboni na Safari ya Kilimanjaro

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Chumbageni, jijini Tanga. Ananiambia kwamba tangu akiwa mdogo amekuwa akisikia kwa wazee kuwa mapango ya Amboni yana njia ya chini kwa chini inayokwenda mpaka Mombasa, na nyingine inayokwenda mpaka mlima Kilimanjaro. Anakumbusha na kile kisa cha mbwa aliyeingia pangoni asionekane tena, kisha akaibukia huko Kilimanjaro. Mwisho anauliza: "Bwana mtangazaji, wewe umesoma. Je, jambo hili ni kweli?"

Jibu langu ni hapana. Mapango ya Amboni, yaliyo umbali wa kilomita 8 hivi kaskazini ya jiji, ni makubwa na yana giza la kutosha kuzaa hadithi nyingi. Husimuliwa kuwa katika miaka ya 1950 Osale Otango, ambaye serikali ya kikoloni ilimsaka kama jambazi na ambaye wanyonge wengine walimwona kama mtetezi wao, alijificha humo. Lakini njia ya kufika Kilimanjaro haimo. Mbwa wa hadithi na tumwache apumzike.

Hata hivyo, wazee wetu hawakukosea kila kitu. Kilimanjaro na pwani ya Tanga ni jamaa, na undugu huo umo katika jiwe lenyewe. Jiwe nalo husafiri, hubadilika na huzaliwa upya, ila tu hufanya hivyo kwa mwendo ambao maisha yetu hayatoshi kuushuhudia. Leo nataka tuifuate safari hiyo, kwa sababu sisi watu wa pwani tumelichukua jiwe, tumelichoma na kulijengea, na sidhani kama tumewahi kukaa tukapiga hesabu yake.

Shuleni tulikaririshwa kuwa miamba iko aina tatu: miamba moto, yaani iliyoganda kutokana na urojo wa moto, miamba tabaka, iliyotokana na mchanga, tope na mabaki ya viumbe, na miamba geu, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Jambo ambalo wengi hatukulishika ni kwamba aina hizo tatu si makabila matatu yasiyooana. Ni hatua za maisha ya jiwe moja, kama mtu alivyo mtoto, kijana na mzee, isipokuwa jiwe laweza kurudi utotoni.

Tuanze na moto. Watu wengi hudhani kwamba chini ya miguu yetu, baada ya ganda la ardhi, kuna bahari ya moto inayochemka. Sivyo. Sehemu kubwa ya jiwe la huko chini lina joto kali mno, lakini ni gumu, kwa sababu limekandamizwa na uzito wa kila kilicho juu yake. Huyeyuka pale ambapo mgandamizo huo unapungua, au pale maji yanapopenya na kulirahisishia kuyeyuka. Hapa Afrika Mashariki ardhi inavutwa pande mbili, na mvuto huo ndio uliofungua Bonde la Ufa. Ardhi inapovutwa, jiwe la moto la chini hupanda. Likipanda hupunguziwa mzigo. Likipunguziwa mzigo, sehemu yake huyeyuka. Urojo huo ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka, basi nao hutafuta njia ya kwenda juu.

Ukifika juu hutoka kama lava na kupoa upesi. Ukikwama njiani hupoa polepole kwa maelfu, hata mamilioni ya miaka. Anayetaka kuelewa tofauti yake na aende kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani yetu. Maji ya chumvi yakikauka kwa haraka, chumvi hutoka laini. Yakikauka taratibu, chembe hupata nafasi ya kukua, nayo chumvi huwa ya mawe. Jiwe ni vivyo hivyo. Lava iliyopoa haraka hutoa jiwe jeusi la chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, liitwalo basalti. Urojo uliopoa taratibu ndani ya ardhi hutoa itale, jiwe lenye chembe kubwa unazoweza kuzihesabu, nyeupe, nyeusi na za waridi.

Kilimanjaro ni mtoto wa lava. Vilele vyake vitatu, Shira, Mawenzi na Kibo, ni volkeno tatu zilizojengwa tabaka juu ya tabaka tangu takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, hadi Kibo kikafika mita 5,895. Jirani yake, Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamasai, bado anafanya kazi hiyo. Julai 2007 matetemeko yake yalisikika hadi Nairobi, na Septemba mwaka huo ukaanza kurusha majivu. Lava yake haina mfano duniani. Badala ya joto la nyuzi 1,000 na zaidi kama volkeno nyingine, hutoka ikiwa na nyuzi kati ya 500 na 600 hivi, nyeusi, nyepesi kama maji, kisha ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe kama chokaa. Na kwa kweli imo katika ukoo wa chokaa, kwa kuwa imejaa kaboneti. Mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, J. B. Dawson, aliitambua lava hiyo mwaka 1960, na wengi walistaajabu kusikia kwamba kitu cha namna hiyo chaweza kutoka motoni.

Wala msikilizaji wa Tanga hahitaji kwenda Arusha kuutafuta moto. Akivuka mpaka pale Horohoro na kuingia Kwale, nchini Kenya, atauona mlima Jombo. Huo ni urojo uliopenya katika mawe ya mchanga takriban miaka milioni 100 iliyopita, ukagandia humo ndani. Mvua za miaka yote hiyo zimeondoa mfuniko, sasa kiini chake kimebaki wazi.

Jambo hili la jiwe kutoka motoni lilizua ugomvi mkubwa huko Ulaya. Katika karne ya 18, mwalimu mashuhuri wa Ujerumani, Abraham Werner, alifundisha kuwa mawe yote ya kale, itale ikiwemo, yalitokana na maji ya bahari iliyofunika dunia nzima. Mskochi mmoja aliyewahi kuwa mkulima, James Hutton, alikataa. Mwaka 1785 alikwenda katika bonde la Glen Tilt huko Skochi, akakuta mishipa ya itale imepenya ndani ya mawe mengine na kuyakata. Kitu kigumu hakiwezi kupenya hivyo, na kilichotangulia hakiwezi kumkata aliyekuja baadaye. Kwa hiyo itale ilikuja ikiwa urojo, tena ilikuja baadaye. Kutokana na hayo Hutton aliona mzunguko mzima: milima humomonyoka, tope huenda baharini, tope huwa jiwe, jiwe hupashwa moto na kuinuliwa kuwa mlima tena. Alihitaji kitu kimoja tu ambacho watu wa zama zake hawakuwa tayari kumpa, nacho ni muda.

Muda huo ulikuja kupimwa baadaye, na bara letu lilikuwa na sehemu yake. Mwaka 1911 kijana wa Kiingereza, Arthur Holmes, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Hakupata utajiri, alipata malaria. Lakini alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupima umri wa mawe kwa kutazama jinsi madini ya urani yanavyogeuka polepole kuwa risasi. Miaka 40 baadaye, mwaka 1951, Holmes huyo huyo ndiye aliyeupa jina Ukanda wa Msumbiji, ule mkanda wa mawe ya kale unaopita upande wa mashariki wa Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo.

Milima ya Usambara imo katika mkanda huo. Mtu anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto huona kandokando ya barabara mawe yenye mistari meupe na meusi, kama kitambaa kilichokunjwa. Mengi ya mawe hayo yalianza maisha kama miamba moto. Kisha, miaka milioni 600 na ushei iliyopita, vipande vya bara vilipogongana, yalizamishwa zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi na kupashwa joto la zaidi ya nyuzi 700. Fikiria tanuri la matofali. Udongo unaoingia tanuri hauyeyuki, lakini unaotoka si udongo tena. Hiyo ndiyo miamba geu. Kwa hiyo Usambara tuionayo leo ni kina cha ardhi kilichopandishwa juu, nasi tunalima chai na kabichi juu ya kitu kilichopikwa chini ya mzigo wa kilomita 30 za mawe.

Baadhi ya mapishi hayo yaliacha vito. Katika bonde la mto Umba, karibu na mpaka wa Kenya, tangu miaka ya 1960 wachimbaji wamekuwa wakipata yakuti za rangi nyingi na ganeti. Huko urojo wa moto ulipenya ndani ya mawe mageni yaliyotoka chini kabisa, na pale yalipokutana yakazaa kile ambacho hakuna kati yao angeweza kukizaa peke yake.

Lakini mlima ukishainuliwa, kazi ya kuushusha huanza siku hiyo hiyo. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Jua hulipasua jiwe, mizizi huingia ufa, na maji ya mvua hulilainisha. Chembe laini huoza zikawa udongo mwekundu. Chembe ngumu zing'aazo hubaki zikawa mchanga. Shamba la Msambaa ni jiwe lililooza, na kuoza huko kumechukua maelfu ya miaka.

Waingereza waliliona hilo, wakalishughulikia kwa mabavu. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, Lushoto. Watu waliamriwa kupiga matuta ya kukinga maji mashambani, kazi nzito ambayo sehemu kubwa iliwaangukia akina mama. Wananchi wakapinga, na kabla ya uhuru mpango ukawa umekufa. Walikuwa na haki ya kukataa kuamrishwa juu ya mashamba yao wenyewe. Na udongo nao, wakati huo huo, ulikuwa kweli unakwenda na maji. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na ndiyo maana katika miaka ya 1980 kazi ya kuzuia mmomonyoko Lushoto ililazimika kuanza upya, safari hii kwa kushirikiana na wakulima.

Sasa tushuke hadi Amboni. Maji yanayolainisha jiwe mlimani hayabebi mchanga peke yake. Hubeba pia madini yaliyoyeyuka yasiyoonekana, ikiwamo kalsiamu. Baharini, konokono, chaza, matumbawe na viumbe wadogo mno huichukua kalsiamu hiyo wakajengea magamba na nyumba zao. Wakifa, mabaki yao hulundikana. Zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, baada ya Bukini kuanza kujitenga na Afrika na bahari kuingia, viumbe wa namna hiyo walilundika chokaa hapa Tanga, ikashikamana ikawa jiwe. Baadaye sana maji ya mvua, yakiwa yamechukua gesi ya kaboni hewani na udongoni, yakalila jiwe hilo taratibu na kuchonga mapango. Na mle pangoni, tone kwa tone, maji hayo hayo yanajenga nguzo mpya za chokaa.

Hapo, ndugu yangu wa Chumbageni, nakuomba uangalie umri. Kilimanjaro ina miaka milioni 2.5. Jiwe la Amboni lina zaidi ya milioni 150. Mbwa wako angetoka pangoni siku ambazo Amboni ilikuwa tope la bahari, asingeuona mlima wowote wa kuibukia. Amboni ni nyanya, Kilimanjaro ni mjukuu. Kalsiamu ya Amboni ilitoka kwenye milima mingine ya kale, mingi yake imekwisha kabisa isiache hata jina.

Mjukuu naye ameingia kazini. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukusanyika katika mto Pangani, nao huteremka takriban kilomita 500 mpaka baharini, ukibeba tope, mchanga na madini ya volkeno. Hiyo ndiyo njia ya kweli kati ya Kilimanjaro na mkoa wa Tanga, wala haiko chini kwa chini. Inapita hadharani, mbele ya Korogwe na Hale, na kila mtu anaiona.

Katika pwani hiyo ndipo binadamu alipojiingiza katika mzunguko. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na matumbawe ya wakati ule sasa ni yale mawe makavu tunayoyakanyaga ufukweni. Kwa mawe hayo wazee wetu walijenga. Nenda Tongoni, kusini ya Tanga, ukaone msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15. Ulikuwa mji kabla Vasco da Gama hajapita hapo mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka India, ndipo alipoiteketeza merikebu yake mojawapo kwenye mafungu ya karibu. Kuta za mawe zilisimama, zikashikwa kwa chokaa iliyochomwa.

Mimi chokaa hiyo naijua kwa mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa darasa la nne, baba yangu mdogo alikuwa akijenga nyumba Ngamiani. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji. Chokaa ililetwa kutoka tanuri la ufukweni, ambako matumbawe yaliyong'olewa baharini yalipangwa juu ya magogo ya mikoko na kuchomwa. Tulipoimwagia maji ilitokota yenyewe bila moto, nikaogopa. Nikamuuliza baba mdogo kama matumbawe hayatakwisha. Akacheka, akasema, "Bahari haiishi, mwanangu."

Hesabu yake ni hii. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, unabaki na kilo 56. Kilo 44 zilizobaki huruka hewani kama gesi ya kaboni. Chokaa ikishapakwa ukutani, huirudisha gesi hiyo polepole kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Ukuta wa nyumba ile ya Ngamiani sasa ni jiwe. Kwa upande wa ukuta, mzunguko umefungwa ndani ya miaka michache. Kwa upande wa bahari haujafungwa. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe ambalo mtoto wa darasa la nne hawezi kulikumbatia huenda lilianza kukua kabla baba yake hajazaliwa, na tanuri hulimaliza kwa siku chache.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alitaka nyumba, na saruji ilikuwa ghali. Kiwanda cha saruji kilikuwapo Pongwe, jirani tu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikitumia mawe ya chokaa ya huko huko Tanga. Lakini kiwanda kuwa karibu si sawa na mfuko kuwa na fedha. Wakati huo huo, wavuvi wengine walikuwa wakiyavunja matumbawe kwa baruti. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa mkoa wa Tanga wa kuhifadhi pwani, kwa msaada wa Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN, na wanavijiji wakashirikishwa kulinda miamba yao ya matumbawe.

Mtu asiyeamini kwamba pwani yaweza kwisha namwelekeza Maziwe, mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuja kutagia hapo, hata kikatangazwa hifadhi mwaka 1975. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa kishikio. Kufikia miaka ya 1980 kilikuwa kimekwisha kuwa fungu tu linaloonekana maji yakipwa, na hadi leo ndivyo kilivyo. Na huko juu ya mto, bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960 linatupa umeme na samaki, lakini tope na mchanga wa Kilimanjaro navyo hutua humo. Mjukuu anatuma mzigo. Sisi tumeuzuia njiani.

Sisemi mabwawa yabomolewe wala kiwanda kifungwe. Nasema kwamba tunapotoa kibali cha kuchimba mchanga wa mto, tunapokata mkoko, au tunaponunua gunia la chokaa bila kuuliza ilichomwa kutokana na jiwe gani, lile la machimbo ya nchi kavu au lile lililokuwa hai baharini, tukumbuke mwendo wa anayetuuzia. Ardhi itatengeneza mawe mengine, hilo halina shaka. Italeta urojo, itainua milima, itaipeleka baharini. Ila haitafanya hivyo kwa kipimo cha watoto wetu.

Baba mdogo sasa ni mzee. Mwaka jana tulikaa barazani kwake nikamkumbusha lile neno lake. Alinyamaza kidogo, akagonga ukuta kwa ufunguo. "Mgumu," akasema. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba siku hizi mtu huenda na ngalawa mbali kabla ya kupata samaki wa kutosha mboga ya nyumbani. Nikamwambia ndiyo, Baba, ni kweli.

Ndugu yangu wa Chumbageni, hilo ndilo jibu la barua yako. Wengine mwendelee kuandika. Hadi wiki ijayo, nawatakieni kila la heri.